Mbegu au Shamba? Majaribio ya Wanafunzi Yanayoweza Kuokoa Fedha za Wanachama

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Nalasi)



Kila msimu wa kilimo unapokaribia, vyama vya msingi hukabiliwa na swali lile lile: mbegu ipi inunuliwe? Mara nyingi jibu hutokana na macho ya mtu mmoja. Mjumbe amepita katika kijiji cha mbali, ameona ufuta uliostawi, wenye maganda tangu chini hadi kileleni. Anarudi mkutanoni na kueleza kwamba mbegu ile inapita ya hapa kwa mbali. Mkutano unashawishika, fedha zinatolewa, mbegu inaletwa na kugawanywa. Wakati wa mavuno mkulima anapata kile kile alichopata mwaka uliopita, au pungufu yake. Hapo lawama huanza. Wengine humlaumu mwuza mbegu, wengine katibu, wengine mvua. Swali lililostahili kuulizwa kabla ya fedha kutoka bado halijaulizwa: je, uzuri ule ulikuwa wa mbegu, au ulikuwa wa shamba?

Swali hilo si dogo. Fedha ya mbegu ni jasho la wanachama, na msimu ukipotea hakuna mkaguzi awezaye kuurudisha. Katika Nalasi, wilayani Tunduru, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya kusini, mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Anayekosea Desemba hana budi kungoja mwaka mzima. Kwa hiyo yafaa kila chama kiwe na njia ya kupima maneno kabla ya kuyanunua. Njia hiyo ipo, na gharama yake ni ndogo mno. Inahitaji makopo matupu, udongo, maji, rula, daftari, na wanafunzi wa shule iliyo karibu pamoja na mwalimu wao.

MAMBO MAWILI YANAYOUMBA MMEA

Kila mmea unaoonekana shambani ni matokeo ya mambo mawili. La kwanza ni urithi, yaani sifa ambazo mbegu imezipokea kutoka kwa wazazi wake. La pili ni mazingira: udongo, maji, mwanga, joto, nafasi kati ya mche na mche, wadudu, magonjwa, na mkono wa mkulima mwenyewe. Mfano wake ni mtoto na malezi. Watoto pacha wanaofanana kabisa wakilelewa katika nyumba mbili, mmoja kwa chakula cha kutosha na mwingine kwa njaa, hawatakuwa na kimo kimoja, ijapokuwa damu yao ni moja.

Ugumu ni kwamba jicho haliwezi kutenganisha mambo haya mawili. Mhindi mrefu huonekana mrefu tu. Haujiandiki ubavuni kwamba urefu wake umetokana na mbegu au na samadi. Hata mkoa wa Ruvuma peke yake unatosha kuonyesha jambo hili. Milima ya Umatengo wilayani Mbinga ina baridi, na watu wake wanafahamika kwa kilimo cha ngoro. Tunduru ni nchi ya chini na ya joto. Mahindi ya aina moja yakipandwa pande zote mbili siku moja, yale ya milimani yatachelewa kukomaa, kwa sababu baridi hupunguza mwendo wa ukuaji. Mtu asiyejua angesema mbegu ni mbili, moja ya haraka na nyingine ya kuchelewa.

Ili kutenganisha urithi na mazingira, kuna kanuni fupi ambayo kila katibu anaweza kuiandika katika jalada la daftari lake: mbegu moja katika mazingira mawili huonyesha kazi ya mazingira, mbegu mbili katika mazingira mamoja huonyesha kazi ya urithi. Majaribio yote yanayofuata yamejengwa juu ya kanuni hiyo.

JARIBIO LA KWANZA: MBEGU MOJA, MWANGA TOFAUTI

Hili ni jaribio la kuanzia, nalo hutoa majibu katika muda wa juma moja au mawili. Zitafutwe mbegu za choroko au kunde kutoka kwa mkulima mmoja na shamba moja. Yachukuliwe makopo kumi na matano yanayolingana, yatobolewe chini ili maji yasituame, kisha yajazwe udongo uliochanganywa vizuri kutoka rundo moja. Katika kila kopo zipandwe mbegu tatu, na miche ikiota ibakizwe mmoja. Makopo matano yawekwe juani, matano chini ya mwembe, na matano ndani ya sanduku au chumba cha giza. Yote yapewe maji kwa kipimo kimoja, kama vile kikombe kile kile.

Miche ya gizani itarefuka upesi, lakini itakuwa myembamba, dhaifu na ya rangi ya manjano, yenye majani madogo yasiyokunjuka. Miche ya juani itakuwa mifupi, minene na ya kijani. Ile ya kivulini itakuwa katikati, nayo kwa kawaida majani yake huwa mapana na membamba kuliko ya juani. Sababu yake ni hii: mche ulioko gizani hutumia akiba iliyomo katika mbegu kurefuka ili kuutafuta mwanga, na bila mwanga hauwezi kutengeneza rangi ya kijani ambayo kwayo mmea hujitengenezea chakula. Akiba ikiisha kabla ya kuufikia mwanga, mche hufa.

Hapa mwanafunzi hujifunza jambo ambalo wazee wengi wa kamati za mbegu wangenufaika nalo: mche mrefu si lazima uwe mche bora. Mkulima anayesifu miche mirefu ya kitaluni huenda anasifu njaa ya mwanga.

JARIBIO LA PILI: SHINA MOJA LA VIAZI

Mbegu mbili za kunde kutoka ganda moja zinaweza kutofautiana kidogo kwa urithi, hasa mimea inapochavushwa na nyuki kutoka mashamba mengine. Mahindi ndiyo yenye mchanganyiko mkubwa zaidi, kwa kuwa chavua yake hubebwa na upepo. Kwa hiyo anayetaka uhakika kamili kwamba urithi ni mmoja, na atumie mmea unaozaliwa kwa kipande cha mwili wake.

Viazi vitamu vinafaa sana. Kutoka mmea mmoja wenye afya yakatwe marando tisa yenye urefu sawa na idadi sawa ya vifundo. Matatu yapandwe katika udongo wenye samadi, matatu katika kichanga kitupu, na matatu kivulini katika udongo wa kawaida wa bustani. Ili kivuli nacho kiwe na cha kulinganishwa nacho, yaongezwe marando mengine matatu ya mmea huo huo katika udongo ule ule wa bustani, lakini juani. Baada ya wiki sita yapimwe urefu, yahesabiwe majani, na upana wa jani kubwa kuliko yote uandikwe. Mihogo nayo hufaa, mradi vipando vikatwe kutoka shina lisilo na ugonjwa wa batobato, kwani ugonjwa ukiingia utapotosha hesabu yote.

Tofauti yoyote kubwa itakayoonekana hapa haiwezi kusingiziwa urithi, kwa maana mimea yote kumi na miwili ni mmea mmoja uliogawanywa. Ni nadra mwanafunzi kuona ushahidi ulio wazi namna hii kwa gharama ya kisu na kikapu cha samadi.

JARIBIO LA TATU: MBAAZI NA UREFU WA SIKU

Jaribio hili ni la shambani, nalo linagusa moja kwa moja zao la biashara. Mbaazi za muda mrefu zinazolimwa kusini hazichanui kwa kuhesabu umri wao tu. Huusikiliza urefu wa siku. Katika latitudo ya Nalasi, siku ya Desemba ina saa 12 na dakika 45 hivi za mwanga, na siku ya Juni ina takriban saa 11 na nusu. Tofauti ni saa moja na robo au zaidi kidogo. Mtu anayekwenda shamba alfajiri huenda asiitambue, lakini mbaazi huitambua. Siku zinapofupika na baridi kidogo kuingia, ndipo mmea huacha kukua kwa majani na kuanza kutoa maua.

Wanafunzi wapande mistari mitatu ya mbaazi, mbegu ya mfuko mmoja na udongo wa sehemu moja: mstari wa kwanza mwanzo wa mvua mwezi Desemba, wa pili mwezi Januari, wa tatu mwezi Februari. Kila mstari uwekewe kibao cha tarehe. Katika kila mstari ichaguliwe mimea kumi kwa kura, ipimwe kimo siku ua la kwanza linapochanua, na matawi yahesabiwe. Itaonekana kwamba mistari iliyochelewa haikuchelewa kuchanua kwa miezi miwili kamili kama ilivyochelewa kupandwa. Itachanua ikiwa mifupi na yenye matawi machache, kwa sababu wakati wa maua umeufikia mmea kabla haujajijenga.

Maana yake kwa chama ni nzito. Mwanachama aliyepanda Februari asiseme kwamba aliuziwa mbegu fupi. Kadhalika mbegu iliyosifiwa katika nchi iliyo karibu zaidi na Ikweta, ambako siku hazitofautiani sana mwaka mzima, inaweza kufanya mambo tofauti kabisa ikiletwa hapa. Tarehe ya kupanda nayo ni mazingira, na ni mazingira ambayo mkulima anayo mkononi mwake bila kulipa senti.

JARIBIO LA NNE: MBEGU MBILI, UDONGO WA AINA MBILI

Hili ndilo jaribio ambalo chama kinapaswa kuliomba shuleni kabla ya kununua mbegu mpya. Lina mafungu manne: mbegu ya zamani katika udongo wenye samadi, mbegu ya zamani katika udongo wa kawaida, mbegu mpya katika udongo wenye samadi, na mbegu mpya katika udongo wa kawaida. Kila fungu lipewe makopo makubwa yasiyopungua matano, au matuta mafupi matano. Kwa zao la siku chache kama choroko, ambalo hukomaa kwa muda wa miezi miwili au miwili na nusu, kazi yote huweza kumalizika ndani ya muhula mmoja wa masomo, hata wakati wa kiangazi kama maji ya kumwagilia yapo.

Umuhimu wa mafungu manne huonekana kwa mfano wa hesabu. Hesabu hizi ni za kufundishia tu. Chukulia kwamba katika udongo wenye samadi mbegu mpya imetoa wastani wa maganda 30 kwa mche, na ya zamani maganda 22. Katika udongo wa kawaida mbegu mpya imetoa maganda 10, na ya zamani maganda 15. Mjumbe aliyeona udongo wenye samadi peke yake angeapa kwamba mbegu mpya ni bora. Mjumbe aliyeona udongo wa kawaida peke yake angeapa kinyume chake. Wote wawili wangekuwa wakweli, na wote wawili wangeupotosha mkutano. Jibu sahihi ni kwamba hakuna mbegu iliyo bora kila mahali. Kuna mbegu inayofaa shamba lenye samadi, na kuna mbegu inayostahimili shamba lisilo nayo.

Hapo ndipo katibu anapaswa kufungua daftari la wanachama na kuuliza: ni wangapi wenye ng'ombe au mbuzi wa kuwapatia samadi? Ni wangapi wanaolima kichanga kilichochoka? Ikiwa wengi wanalima bila samadi, kununua mbegu inayodai samadi ni sawa na kumnunulia viatu vya namba nane mtu mwenye mguu wa namba sita.

Utaratibu huu haukubuniwa kwa ajili ya shule peke yake. Aina mpya za mbegu, kabla ya kuruhusiwa kuuzwa nchini, hujaribiwa katika sehemu kadhaa zenye hali ya hewa tofauti, kwa sababu hiyo hiyo. Jaribio la shule halichukui nafasi ya kazi ya wataalamu wala ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu. Kazi yake ni kuuliza swali ambalo kituo cha mbali hakiwezi kulijibu: mbegu hii itafanyaje katika udongo wa hapa?

DAFTARI LA MAJARIBIO

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii wanaushirika wanaifahamu kwa upande wa fedha, nayo ni kweli vile vile kwa upande wa majaribio. Jaribio lisiloandikwa ni hadithi. Yafaa kanuni zifuatazo zishikwe.

Kwanza, libadilishwe jambo moja tu kwa wakati mmoja. Kopo lililowekwa samadi na pia likahamishiwa juani haliwezi kueleza lipi kati ya hayo mawili limeleta mabadiliko.

Pili, daima liwepo fungu la kulinganishia, yaani lile lisilobadilishwa. Hili ni kama jiwe la mizani. Karani hawezi kujua kama mzani wa ghala ni wa haki mpaka aweke juu yake jiwe ambalo uzito wake unajulikana.

Tatu, mche mmoja si ushahidi. Panya, siafu au mbegu mbovu vinaweza kuuangusha. Mitano ni mwanzo mwema, na kumi ni bora zaidi.

Nne, mpangilio wa makopo uamuliwe kwa kura, na makopo yabadilishwe nafasi kila baada ya siku chache. Kopo la pembeni hukauka upesi kuliko la katikati, na mwanafunzi mwenye shauku, pasipo kukusudia, huweka kopo analolipenda mahali pazuri.

Tano, vipimo viandikwe siku ile ile vinapochukuliwa, kwa kalamu ya wino, pamoja na tarehe na jina la aliyepima. Mche uliokufa uandikwe kuwa umekufa. Kuufuta mche uliokufa katika hesabu ni sawa na kuficha gunia lililooza wakati wa ukaguzi.

Kuhusu hesabu, wastani unatosha kwa kuanzia, lakini usisomwe peke yake. Chukulia miche mitano ya fungu la kwanza ina vimo vya sentimita 18, 21, 19, 24 na 18. Jumla ni 100, wastani ni 20. Fungu la pili lina 26, 22, 25, 23 na 24. Jumla ni 120, wastani ni 24. Fungu la pili linaonekana kuongoza. Lakini mche mmoja wa fungu la kwanza wenye sentimita 24 unaipita miche miwili ya fungu la pili. Hesabu zinapoingiliana namna hiyo, mwenye busara hurudia jaribio kabla ya kutangaza. Mzani wa ghala uliotengenezwa kwa ajili ya magunia hauwezi kupima punje za choroko. Kwa kazi hiyo zihesabiwe punje mia moja kutoka kila fungu, zipimwe kwa mzani mdogo wa dukani.

KIZAZI CHA PILI

Baada ya mavuno hubaki swali moja ambalo wakulima wengi hulikosea. Mkulima huchagua mbegu kubwa kubwa kutoka sehemu iliyostawi, akiamini kwamba watoto wake watarithi unono ule. Je, ni kweli?

Mtaalamu Wilhelm Johannsen wa Denmark alilichunguza jambo hili kwa maharage ya kawaida, akatangaza matokeo yake mwaka 1903. Maharage hujichavusha yenyewe, kwa hiyo uzao wa punje moja huwa na urithi ulio karibu kufanana kabisa. Johannsen alipochagua punje kubwa na punje ndogo ndani ya uzao wa mmea mmoja, watoto wa punje kubwa na watoto wa punje ndogo walitoa punje zenye wastani uleule. Ukubwa uliotokana na nafasi nzuri ya mmea haukurithiwa. Bali alipolinganisha uzao wa mmea huu na uzao wa mmea mwingine, tofauti ilidumu kizazi hata kizazi. Ni mtaalamu huyo huyo aliyeleta neno jeni mwaka 1909, neno linalotumika hadi leo kwa chembe za urithi.

Wanafunzi wanaweza kufuata nyayo zake bila maabara. Mbegu zilizovunwa katika fungu la samadi na zile za fungu la kichanga, zote za aina moja, zipandwe katika udongo mmoja. Mwanzoni miche ya punje kubwa inaweza kutangulia, kwa kuwa punje kubwa ina akiba kubwa ya chakula. Tofauti hiyo isiwadanganye. Wangoje mpaka mavuno. Ikiwa tofauti imetoweka, ilikuwa ya mazingira. Ikiwa imebaki, mbegu ile ilikuwa na mchanganyiko wa urithi, na hapo uchaguzi wa mkulima una maana. Mbegu nyingi za kienyeji zina mchanganyiko huo, ndiyo sababu wazee waliochagua kwa uangalifu miaka mingi hawakufanya kazi ya bure. Walio na hakika ya kupata hasara ni wale wanaohifadhi mbegu za mahindi chotara wakitarajia mazao ya mwaka wa pili yawe kama ya mwaka wa kwanza.

FUNZO LA MIKOROSHO

Kama yupo anayedhani kwamba haya ni mambo ya makopo na watoto, na akumbuke historia ya korosho. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya zaidi ya tani 140,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwapo misimu ambayo makusanyo hayakufika tani 20,000. Mikorosho mingi ilikuwa bado imesimama, ile ile, yenye urithi ule ule. Kilichobadilika ni mazingira yake. Watu walihamia katika vijiji mbali na mashamba yao, palizi ikaachwa, bei ikamkatisha mkulima tamaa, na ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua na machipukizi. Mashamba yalipopaliliwa, matawi yakapunguzwa na salfa ikatumika, miti iliyodhaniwa kuwa mizee na tasa ilizaa tena. Katika msimu wa 2017/18 nchi ilivuka tani 300,000. Mashamba mapya na aina bora vilichangia, lakini utunzaji wa miti iliyokuwapo ulikuwa sehemu kubwa ya kazi.

Miche ya mikorosho iliyobebeshwa inaliweka jambo hili wazi zaidi. Mkorosho unaotokana na mbegu haufanani sawasawa na mama yake. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimekazania kubebesha, yaani kupandikiza kijiti cha mti uliochaguliwa juu ya mche mwingine. Miche iliyobebeshwa kwa vijiti vya mti mmoja ina urithi mmoja katika sehemu inayozaa. Basi wanachama wawili wakipewa miche hiyo, mmoja akavuna na mwingine akakosa, chama kisikimbilie kulaumu miche. Kwanza kiende kuangalia mashamba: nafasi kati ya mti na mti, magugu, matawi yaliyofungana, na tarehe za kupuliza dawa. Viazi vya jaribio la pili na mikorosho hii vinasema neno moja.

WAJIBU WA CHAMA NA SHULE

Waraka wa Mwalimu Nyerere wa mwaka 1967 kuhusu Elimu ya Kujitegemea ulitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo. Mahali pengi shamba hilo liligeuka kuwa jembe tu, na mwanafunzi akaliona kama adhabu. Jaribio linarudisha akili katika jembe. Mwanafunzi anayepima mbaazi na kutafuta wastani anajifunza sayansi, hesabu na kilimo kwa pamoja, na matokeo yake yana wa kuyasubiri.

Chama kwa upande wake hakiombwi fedha nyingi. Kinaombwa mbegu za kujaribiwa, madaftari mawili, kamba na rula, pamoja na heshima ya kuyasikiliza matokeo. Heshima hiyo ndiyo ngumu kupatikana. Mtoto wa darasa la sita akisimama mbele ya mkutano na kusema kwamba mbegu iliyosifiwa na mjumbe mkubwa haikushinda katika kichanga cha hapa, mkutano usimcheke. Umwambie alete daftari. Daftari likiwa safi, neno lake na lipimwe kwa uzito wa hesabu zake, si kwa umri wake. Na daftari likiwa na kasoro, jaribio na lirudiwe, kama vile hesabu za ghala zinavyorudiwa zisipolingana.

Kwa hiyo, ndugu makatibu, mambo ya kutekeleza kabla ya mvua zijazo ni haya. Kila chama kiteue mjumbe mmoja wa kuonana na mwalimu wa sayansi wa shule iliyo karibu. Mbegu yoyote mpya inayopendekezwa iombewe kiasi kidogo cha kujaribiwa, pamoja na ile ya zamani, katika udongo wa aina mbili. Kila mbegu ipimwe uotaji wake: punje mia moja katika kitambaa chenye unyevu, na zilizoota zihesabiwe. Tarehe za kupanda za wanachama ziandikwe katika daftari la chama, ili wakati wa mavuno tofauti za mazao zisomwe kwa ushahidi. Mwisho, taarifa ya jaribio isomwe katika mkutano mkuu kabla ya ajenda ya ununuzi wa mbegu, si baada yake.

Chama kinachofanya hivyo hakitaepuka kila hasara, kwa kuwa mvua haina mkataba na mtu. Lakini mwanachama atakapouliza fedha zake zilinunua nini, na kwa sababu gani, katibu atakuwa na ukurasa wa kumwonyesha.